Nimnunulie wapi mama mkwe maua yasiyonyauka kesho yake?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa makamo, nina mke na watoto, na sikutarajia kama siku moja nitakuandikia. Lakini hili limenikosesha raha, na nikiwauliza rafiki zangu wanaishia kunicheka.

Mama mkwe wangu anatimiza miaka 60 Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Ni mama aliyenipokea vizuri tangu siku ya kwanza, na kila mtu katika familia anajua anavyopenda maua. Safari hii nimeamua kumpelekea maua halisi, tena mazuri. Anaishi mji mwingine, nusu siku kwa basi kutoka kwetu, na familia nzima tutakwenda.

Shida ni pa kununua. Mwaka jana niliagiza maua ya mke wangu kwenye tovuti moja. Pichani kulikuwa na shada la mawaridi mekundu yaliyojazana hadi huoni karatasi. Kilichofika ni mawaridi machache yaliyozungukwa na majani tele, na asubuhi iliyofuata vichwa vyote vilikuwa vimeinama kama watoto waliokaripiwa. Nilipolalamika, nikajibiwa kwamba picha ni ya mfano tu, na kwamba maua yalifungwa na "mshirika" wao, kwa hiyo nimtafute yeye. Jina la huyo mshirika sikupewa. Mpaka leo mke wangu akitaka kunitania huniuliza, "Na ya mwaka huu ni ya mfano?"

Sasa naona njia nne mbele yangu. Karibu na ofisini kwetu kuna kijana anauza maua kando ya barabara, ameyapanga kwenye ndoo. Bei yake nafuu na ni mcheshi. Pili, supamaketi ninayonunua vitu vya nyumbani ina maua pale mlangoni, jirani na matunda. Tatu, kuna duka la maua lenye vioo na friji kubwa, ila bei zake zinatisha, na muuzaji aliponitazama nilijiona nimepotea njia. Nne, kuagiza tena mtandaoni yafikie kule kule kwa mama. Mke wangu anasema niachane na yote ninunue ya plastiki, angalau hayanyauki.

Nilipanga kumchukulia maua ya lili, yale makubwa meupe ya umbo la tarumbeta, maana anapenda harufu yake. Yatapendeza sana sebuleni kwake, pale dirishani anapolala paka wake.

Ninunue wapi, Shangazi? Na mtu asiye na ujuzi kama mimi atajuaje kama ua ni bichi au ni la juzi?

Mkwe Mwenye Wasiwasi

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya mengine yote: lili usinunue, popote pale. Umemtaja paka kwa kupita, lakini kwangu ndiyo sentensi nzito kuliko zote katika barua yako. Lili ni sumu kali kwa paka. Akitafuna jani, akilamba chavua iliyodondokea manyoya yake, au hata akinywa maji ya kwenye chombo cha maua, figo zinaweza kufa ndani ya siku chache. Binadamu hayamdhuru hivyo, ndiyo maana wanunuzi wengi hawajui, na wauzaji wengi hawaulizi. Usiende kumwachia mama msiba wa paka katika sherehe yake.

Mchukulie mawaridi, au jabera, yale yenye uso wa duara na petali nyembamba zilizozunguka kama miale. Hayo kwa paka hayana neno. Kama ni harufu anayoipenda, mwambie muuzaji wazi kwamba unataka mawaridi yanayonukia, kwa sababu mengi ya yale yanayouzwa hayana harufu ya kutosha. Wazalishaji walihangaikia zaidi ua linalovumilia safari, harufu ikabaki nyuma.

Sasa swali lako. Umenipa njia nne, nami tatu nazifuta papo hapo kwa sababu moja: ziko mji usiofaa. Maua ya mama yanunuliwe mji wa mama.

Fikiria ua limetoka wapi hadi likakufikia. Mawaridi mengi yanayouzwa duniani hulimwa Kenya, Ethiopia, Kolombia na Ekuado. Hukatwa yakiwa tumba, huwekwa kwenye baridi, hupakiwa kwenye maboksi na kusafirishwa, mengi yake kwa ndege. Mengine hupitia mnada wa Aalsmeer kule Uholanzi, ambako bei huanzia juu na kushuka mpaka mnunuzi wa kwanza abonyeze kitufe, kisha huanza safari nyingine. Hata lililolimwa karibu hupitia shamba, gari, soko na ndoo. Likitunzwa vizuri, waridi hukaa chomboni wiki moja hivi, wakati mwingine siku 10. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa mapema, wala hazikungoji wewe ulipie. Ukilichukua kwa yule kijana wa barabarani ukalipakata nusu siku ndani ya basi lenye joto, bila maji, umemlia mama siku zake kadhaa kabla hajalinusa. Na hilo halitakuwa kosa la kijana wa watu.

Kwa hiyo inabaki njia ya nne, ila si kwa namna uliyoitumia mwaka jana. Ngoja nikueleze kilichokupata, kwa sababu kinawapata wengi.

Tovuti nyingi za kuuza maua hazina ua hata moja. Zina picha, namba ya simu na mahali pa kulipia. Ukishalipa, zinakata fungu lao, oda inatupiwa duka fulani la mji unaoutaka, na duka hilo linafunga shada kwa pesa iliyobaki. Mwenye duka hakupiga ile picha, hukumchagua, na pengine siku hiyo hana hata mawaridi mekundu ya kutosha. Anajazia majani. Wewe ulilipia shada zima, yeye alipokea malipo ya nusu shada, na wote wawili mmebaki mnanung'unika.

Utaratibu wenyewe wa kutumiana oda si utapeli, wala si mpya. Wenye maduka ya maua Marekani waliungana mwaka 1910 ili oda ya mji mmoja itumwe kwa telegrafu ikafungwe mji mwingine, na Uingereza nako mtandao wa namna hiyo ulianza mwaka 1923. Tofauti ni kwamba wale walikuwa wauza maua kwa wauza maua, kila mmoja na duka lake na jina la kulinda. Shida ni dalali asiyewahi kushika mkasi.

Kumtambua si kazi. Tafuta anwani ya duka. Kama hakuna mtaa wala jengo, na namba moja ya simu inahudumia miji yote kuanzia huu hadi ule, huyo ni dalali. Ukiwa na shaka, piga simu uulize swali moja tu: "Shada langu atalifunga nani, na wapi?" Mwenye duka atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Dalali ataanza kukusimulia kuhusu washirika.

Basi fanya hivi. Mkeo kwao ni huko huko. Awaulize ndugu zake au majirani wa zamani, duka gani la maua watu wanalikimbilia kukiwa na harusi au mazishi. Duka linalopata kazi hizo hupokea maua mapya mara kwa mara na huyamaliza, na hicho ndicho unachokitafuta, maua yasiyolala dukani. Likishapatikana, mpigie mwenyewe kama wiki moja kabla.

Kwenye simu usiseme "nataka kama lile la pichani." Picha inamlazimisha muuzaji atafute ua fulani hata kama alilonalo limechoka. Mwambie una kiasi gani cha pesa, ni ya nani na ya shughuli gani, rangi ambazo mama anazipenda, na kwamba nyumbani kuna paka, kwa hiyo lili zisiingie. Kisha muulize, "Mzigo wenu unaingia siku zipi?" Hapo ndipo utakapomjua. Muuza maua wa kweli anajua siku za mzigo wake kama unavyojua siku ya mshahara. Atakwambia, kwa mfano, unaingia Jumanne na Ijumaa, kwa hiyo la Jumamosi atalifunga kwa mzigo wa Ijumaa. Akikujibu tu kwamba "yetu yote ni mabichi wakati wote", shukuru, kata simu, jaribu kwingine. Na mwachie nafasi ya kuchagua aina mwenyewe. Mwenye kazi akiachiwa hivyo hukupa kilicho kizuri zaidi siku hiyo, na pesa yako inafika mbali.

Kumpelekea mlangoni sikushauri, maana wewe mwenyewe unakwenda. Mkishuka kwenye basi, pitia dukani, lilipe na ulichukue kwa mkono wako. Utaona unachonunua, na kama kuna kasoro utaisema ukiwa pale pale. Kabla ya kulipia, likague. Hapa ndipo nijibu swali lako la pili.

Anza na ndoo, ua baadaye. Maji yawe maangavu. Yakiwa na ukungu, utelezi au harufu ya kuoza, usihangaike kutazama kilichomo. Maji machafu yamejaa bakteria, na bakteria huziba mirija myembamba inayopandisha maji kwenye shina. Ndiyo siri ya mawaridi yako ya mwaka jana. Vichwa viliinama kwa kiu, ingawa shina lilikuwa limesimama majini. Mirija ilizibwa na uchafu, au iliingia hewa pale yalipokaa makavu muda mrefu. Omba lichomolewe shina moja ulitazame chini. Liwe kijani au angalau safi. Likiwa jeusi na linateleza, limekaa sana.

Kisha shika waridi lenyewe. Usiguse juu, kule petali zinakofunguka. Weka kidole gumba na cha shahada chini ya kichwa, pale petali zinapoungana na shina, ubonyeze taratibu. Likiwa gumu, bado lina maisha. Likibonyea kama sponji, limeshachoka hata kama kwa macho linavutia. Muuzaji mzuri hatakuzuia kufanya hivyo kwa adabu. Petali moja mbili za nje zikiwa na michirizi ya kijani au makwaruzo, usizihesabie kuwa uzee. Hizo huachwa makusudi zilinde za ndani safarini, na huondolewa wakati wa kufunga. Kinachopaswa kukutia shaka ni kinyume chake, tumba jembamba lililokonda, lisilo na petali hata moja ya nje. Huenda mtu amekuwa akilimenya kila siku ili asiuonyeshe weusi.

Kwa jabera, tazama katikati. Kitovu kikiwa kimebana, ni bichi. Kikishafura na kutoa unga wa chavua kila upande, limekula siku zake. Pitisha jicho kwenye petali pia: vidoadoa vya kahawia ni ukungu, hasa kwa maua yaliyofungiwa kwenye plastiki yenye matone ya maji ndani. Ukungu huo huenea hata ukishafika nyumbani. Rangi nayo iangalie. Hakuna waridi la buluu lililozaliwa hivyo shambani, ukiliona limetiwa rangi. Si dhambi, ila ujue unachonunua.

Nimezifuta njia zako tatu kwa ajili ya safari hii, lakini mkeo yupo hapo hapo mjini na bado una deni la mwaka jana, kwa hiyo nisiziache hivi hivi.

Kijana wa barabarani usimdharau. Asiye na friji analazimika kumaliza mzigo wake, kwa hiyo mara nyingi anachouza kimeingia asubuhi ile. Maadui zake ni jua na moshi wa magari. Moshi huo una gesi ya ethilini, ambayo huharakisha uzee wa maua. Mwendee asubuhi, kabla ndoo hazijachemka, chagua zile zilizo kivulini, na kwake nunua mawaridi yaliyo bado tumba.

Supamaketi ina kasoro uliyoitaja bila kuijua, nayo ni matunda. Ndizi zinazoiva na matofaa hutoa ethilini ile ile, na maua kama karnesheni huihisi haraka sana, petali zikajikunja kama mtu aliyelala usingizi. Kama maua yao yamewekwa mbali na matunda, yana maji, na karatasi yake imeandikwa tarehe, hakuna ubaya. Tena karnesheni na krisanthemamu zilizotunzwa huweza kukaa wiki mbili na zaidi, kwa hiyo kwa mtu mwenye mfuko mwepesi supamaketi iliyochangamka si mahali pa aibu. Ila hizo zote mbili zinaweza kumsumbua paka tumbo akizitafuna, kwa hiyo ni za nyumbani kwako, kwa mama hapana.

Na lile duka la vioo? Bei yake inalipia baridi, mkono wa fundi, na maua yanayoharibika bila kuuzwa. Hivyo vyote vina thamani. Lakini baridi nayo ni hila ya aina yake. Kwenye nyuzi chache juu ya sifuri waridi hupunguza mwendo wa kuzeeka, likaonekana la leo wakati ni la wiki iliyopita. Ukilitoa kwenye joto la sebuleni, linamaliza yote kwa mkupuo. Friji kubwa peke yake si ushahidi. Uliza siku ya mzigo, bonyeza kichwa, kama nilivyokueleza. Na muuzaji anayekutazama kwa dharau, mwachie maua yake. Pesa yako haina haja ya kuomba radhi.

Hayo yote yanabadilika siku za kuelekea Februari 14. Bei hupanda kila mahali, na wapo wanaoanza kulimbikiza matumba kwenye baridi mapema ili wayatoe siku yenyewe. Wakati huo agiza mapema kwa mtu unayemfahamu, au mpe mkeo maua tarehe 17 umwambie mapenzi hayana kalenda. Akikukasirikia, mimi sikukutuma.

Kuhusu plastiki, mkeo anakutania, usimfuate. Lakini kama wazo lake ni zawadi inayodumu, ipo njia ya katikati, okidi ya kwenye chungu. Ile ya kawaida madukani, yenye petali pana kama mabawa ya nondo, huweza kukaa na maua yake kwa miezi, na haina sumu kwa paka. Hiyo hata ukiinunua kwenu itafika, mradi isimame wima, isiachwe kwenye jua dirishani mwa basi, na isikae mbele ya kipoza hewa. Wasiopenda ni wale wanaotaka shada la kupakata na kupigia picha. Wewe ndiye unayemjua mama yako mkwe.

Mkifika na shada, usiliache mezani likisubiri hotuba ziishe. Kata sentimita 2 au 3 za chini kwa kisu kikali, kwa mshazari, ondoa majani yote yatakayozama majini, tia maji safi kwenye chombo kilichooshwa kwa sabuni. Kama duka limekupa kile kipakiti cha unga, kitumie kwa kipimo kilichoandikwa. Kina sukari ya kulisha ua, tindikali kidogo, na dawa ya kuzuia bakteria. Sarafu ambayo watu hutupia majini haina inachofanya. Mwombe mama abadilishe maji kila baada ya siku mbili na asiweke chombo karibu na bakuli la matunda, wala pale dirishani kwenye jua. Pale aachiwe paka.

Jambo la mwisho ni la mkeo. Ampigie mama wiki hii wazungumze mengine, na katikati amuulize kijanja kama lile jagi refu la kioo bado lipo au lilishavunjika. Kama halipo, mwambie mwenye duka akuwekee moja pamoja na shada. Usije ukayatia maua ya miaka 60 kwenye ndoo ya kufanyia usafi.

Shangazi